Alien: Romulus, nilivyoitazama mara mbili Kigoma

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii kwenye kibanda umiza kimoja hapa Mwanga, kwa shilingi 500, ikiwa imetafsiriwa. Mara ya pili niliitazama nyumbani kwa kaka yangu kule Ujiji, bila mtafsiri, sauti ya televisheni ikiwa juu mpaka watoto wa jirani wakaja kusimama mlangoni. Kaka alifanya kazi chini kwenye injini za boti za mizigo kwa miaka kumi na tisa. Sikio lake la kushoto halisikii tena, na la kulia linasikia kidogo. Ukizungumza naye hukutazama mdomo. Nayataja haya mapema kwa sababu nusu ya niliyoyaona katika filamu hii ni yeye aliyenionyesha.

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu wengi ni vijana wapenda muvi. Wananiuliza swali lilelile: miaka 45 baada ya ile Alien ya kwanza, walikuwa na sababu gani ya kurudi tena? Jibu langu ni kwamba sababu walikuwa nayo, tena nzito, na waliishika vizuri kwa saa moja na nusu. Kwingineko wakaingiwa na woga kwamba hatutawapenda, wakaanza kukopa maneno na sura za wakubwa wao. Lakini saa moja na nusu ile mimi naithamini sana. Naiweka filamu hii nafasi ya tatu katika mfululizo mzima, chini ya zile mbili za mwanzo tu.

Sisi wa rika langu tulianza na ya pili, Aliens ya James Cameron ya mwaka 1986. Ilitufikia Kigoma kwa kanda, miaka ya tisini, mji ukiwa unategemea jenereta za dizeli, na deki ya banda ilikuwa inamezwa na giza katikati ya picha bila taarifa. Kaka ndiye aliyenilipia. Nilijificha nyuma ya bega lake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nakumbuka zaidi harufu ya shati lake, dizeli na sabuni ya kipande, kuliko yule malkia wa mayai. Ile ya kwanza, ya Ridley Scott ya mwaka 1979, tuliipata baadaye, na hiyo ndiyo kaka aliyoipenda. Alisema hawa si wanajeshi kama wa ile ya pili, hawa ni watu wa boti. Ni kweli. Watu saba ndani ya chombo kinachoitwa Nostromo, wanavuta shehena ya madini kuirudisha nyumbani, na mafundi wawili wa chini, Parker na Brett, kutwa wanalalamikia bonasi kwamba ni ndogo kuliko ya walioko juu. Kaka alikuwa akiwacheka kwa furaha kama watu anaowafahamu. Kisha kampuni inawageuzia njia kwa siri, wakachukue kiumbe wasichokijua, na amri inasema wafanyakazi si kitu, kiumbe ndicho kifike.

Hicho ndicho kiini cha picha hizi. Zimwi linatisha, sikatai. Yule mchoraji wa Uswisi, H. R. Giger, alilibuni zimwi ambalo hadi leo hakuna aliyelipita. Lakini zimwi lina njaa tu. Anayekuuza ni mwajiri wako.

Zilizofuata zililisahau hilo kidogo kidogo. Ya tatu mwaka 1992 ilimuua Ripley, shujaa wa picha hizi anayeigizwa na Sigourney Weaver, katika gereza lenye tanuri, ya nne mwaka 1997 ikamfufua kwa maabara. Prometheus ya 2012 na Alien: Covenant ya 2017 zikaanza kuuliza ni nani aliyewaumba wanadamu. Ni maswali makubwa, na Michael Fassbender aliigiza vyema mno, ila mimi nilitoka pale nikiwa sina mtu wa kumhurumia.

Sasa Romulus, iliyotoka Agosti 2024. Imeongozwa na Fede Álvarez, mzaliwa wa Uruguay, ambaye 2016 alitutesa kwa Don't Breathe, ile ya vijana wezi wanaofungiwa ndani ya nyumba na kipofu. Hadithi imewekwa mwaka 2142, yaani miaka 20 baada ya mkasa wa Nostromo, Ripley akiwa bado amelala usingizi wake wa miaka 57 angani. Kwa hiyo hakuna haja ya kuzitazama nyingine zote ndipo uielewe. Mtoto wa jirani, ambaye hakuwahi kuona hata moja, aliifuata bila shida.

Inaanzia kwenye koloni la machimbo linaloitwa Jackson's Star, mahali ambapo jua halionekani kabisa. Binti yatima, Rain, anaigizwa na Cailee Spaeny. Wazazi wake walifia huko kwa maradhi ya mgodini. Amehesabu saa zake za kazi moja moja, amezikamilisha, na asubuhi hiyo anakwenda dirishani kudai ruhusa ya kuondoka aende sayari ya Yvaga, ambako kuna jua. Karani anabonyeza vitufe, anamwambia kiwango kimepandishwa hadi saa 24,000. Bado miaka mitano au sita. Tena sasa anahamishiwa mgodini. Na karani anamshukuru kwa utumishi wake.

Pale kibandani, watu waliokuwa wakitafuna karanga waliacha. Mtafsiri naye, Mungu ambariki, hakuharakisha. Watafsiri wengine hukimbilia mapigano, lakini huyu alilitamka neno "mkataba" taratibu, akalirudia, akasema, "Binti kaambiwa mkataba umeongezwa, na hakuulizwa." Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Nilipoiona na kaka, sikulazimika kumweleza kitu. Aliutazama mdomo wa yule karani, akaniambia, "Anamwambia msimu ujao." Mwenye boti aliyekuwa akimfanyia kazi, ambaye simtaji, alimwahidi kumlipa malimbikizo na kumpeleka hospitali kwa ajili ya masikio. Msimu ujao. Dagaa wakipanda. Mwezi ukiisha. Hadi boti ikauzwa. Filamu yenye majitu yanayotoka kifuani mwa watu imemgusa kaka yangu kwa dakika tatu za mtu na karani kwenye dirisha, na mimi nasema huo ni ushindi wa mwongozaji.

Rain ana ndugu, Andy. Andy si mtu. Ni roboti mwenye umbo la mtu, modeli ya zamani, baba yake Rain alimwokota kwenye takataka akamtengeneza na kumpa amri moja: atende lililo jema kwa Rain. Ana kigugumizi, mabega yameinama, anasimulia vichekesho vya kitoto alivyofundishwa na baba, na barabarani watu wanampiga. Aliyemwigiza ni David Jonsson, Mwingereza, na kama kuna kitu kimoja cha kukufanya utoe pesa yako uione filamu hii, ni huyu kijana. Mtafsiri wetu alimwita Andrea, na hadi leo Mwanga jina lake ni Andrea.

Rafiki yao wa zamani, Tyler, anakuja na mpango. Kuna kituo cha angani kimeachwa, kinaelea juu yao, ndani yake kuna vyumba vya kulalia safari ndefu. Wakivichukua, wanatoroka wote hadi Yvaga. Wanamhitaji Andy kwa sababu yeye ni wa kampuni, milango ya kampuni inamtii. Ila Yvaga hawapokei roboti. Na Rain analijua hilo. Anapanda chombo akiwa anajua kwamba ndugu yake anakwenda kuwafungulia milango kisha aachwe. Hamwambii.

Nilipofika hapo mara ya pili nilishindwa kumtafsiria kaka. Nilikunywa maji kwanza. Kaka aliacha shule akaenda Kibirizi kubeba mizigo ili mimi nilipiwe mafunzo ya cherehani, na sikumbuki kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza yeye alitaka nini.

Kituo kinaitwa Renaissance, kina pande mbili, Romulus na Remus, na kinaelekea kugonga pete za sayari. Kule ndani wanakuta majokofu yenye yale madudu ya vidole, yanayorukia uso na kupandikiza yai kooni. Wakichukua kimiminika cha kupozea, joto linapanda, madudu yanaamka. Hapa Álvarez yuko nyumbani kwake, anajua kutisha. Kuna tukio la kuvuka chumba kilichojaa madudu hayo baada ya kupandishwa joto la chumba lilingane na la mwili wa binadamu, kwa kuwa yanamtambua mtu kwa joto lake. Ukiogopa unatoka jasho, unapata joto, unaonekana. Basi inabidi usiogope. Nilibana pumzi. Kaka, ambaye ukimya ni maisha yake ya kila siku, alikuwa wa kwanza kuona mguu wa mmoja ukitikisika ukutani, akanionyesha kwa kidevu.

Akaniambia pia jambo ambalo singeligundua: "Hiki kitu kipo." Alimaanisha dudu. Alimaanisha pia swichi, mabomba, mlango wenye kutu kwenye bawaba. Nikamweleza kwamba ni kweli, wengi wa wale viumbe walitengenezwa kwa mikono, wakaendeshwa kwa nyaya na mota, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwemo kwenye ile ya 1986. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Anasema kitu kizito kinapoanguka huhitaji kukisikia, unakijua kwa namna kinavyosimama. Chombo chao, Corbelan, kina uchafu kwenye maungio sahihi, pale ambapo mafuta huvuja kweli.

Kuna maneno ya kaka kuhusu Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ambayo nayatumia sasa kupimia kila filamu inayorudi baada ya miaka mingi. Meli ile Wajerumani waliileta Kigoma vipande vipande ndani ya makasha, ikashushwa majini mwaka 1915, na mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi. Kaka husimulia habari ya grisi kwa heshima kubwa, kwake huo ni upendo wa fundi. Ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na miaka ya 1970 ikatolewa injini ya mvuke ikawekwa ya dizeli. "Waliacha bodi, wakabadili injini," husema. "Wangeacha vyote ingekufa, wangebadili vyote isingekuwa Liemba."

Romulus iliacha bodi: giza, kampuni, korido nyembamba, mnyama. Na injini waliyoweka ni mpya kabisa katika mfululizo huu. Ni ndugu wawili. Katikati ya filamu, ili milango ifunguke, wanamwekea Andy kidude cha kompyuta kilichotolewa kwa roboti mwingine wa kituoni. Kigugumizi kinakatika. Mabega yananyooka. Macho yanatulia. Na amri yake imebadilika: sasa anatenda lililo jema kwa kampuni. Jonsson hakuvaa kinyago wala kubadilishwa sauti, alibadilisha shingo tu na namna ya kupepesa macho, na kaka, asiyesikia maneno, aliniuliza papo hapo, "Huyu nani tena?"

Kisha linakuja tukio la mlango. Kay, dada yake Tyler, ana mimba. Yuko upande wa pili wa kioo, anapiga kwa viganja, na mnyama yuko nyuma yake. Andy ana uwezo wa kufungua. Hafungui. Anaeleza kwa utulivu kwamba akifungua, mnyama ataingia na wote watakufa. Hesabu yake ni sahihi. Hilo ndilo baya zaidi. Kibandani watu walimpigia kelele Andrea, wengine wakasimama. Mimi nilikuwa nalia, na sijawahi kulia kwenye picha ya mazimwi.

Na lile tukio la mvutano, ile nguvu inayovuta vitu chini. Damu ya viumbe hawa ni tindikali, ukiwapiga risasi inatoboa chombo mnafyonzwa nje. Rain anazima mashine ya mvutano, kila kitu kinaelea, anawapiga risasi hewani, na damu inabaki imetanda koridoni kama matone ya mawese kwenye maji, inazunguka taratibu, na yeye na Andy wanatakiwa wapite katikati bila kuguswa hata na tone. Katika filamu tisa za viumbe hawa, ukihesabu na zile mbili walizopiganishwa na Predator, hakuna aliyewahi kufikiria hilo. Ndiyo maana nasema walikuwa na sababu ya kurudi.

Sasa yaliyonikera, na yamenikera kwa sababu naipenda.

Roboti aliyetolewa kidude anaitwa Rook, kiwiliwili kilichokatika katikati, na wamempa sura ya Ian Holm, aliyemwigiza Ash, roboti wa Nostromo, mwaka 1979. Holm alifariki 2020. Familia yake iliridhia, na mwigizaji mwingine alitoa sauti na mwendo wa uso, mwili ukawa wa mwanasesere wa mashine, kisha kompyuta ikapaka sura juu yake. Mimi kibandani niliona tu kwamba kuna kitu hakijakaa. Kaka aliligundua ndani ya sekunde. "Mdomo haufuati maneno," alisema. Alijaribu kumsoma, akashindwa, akakasirika kama mtu anayedanganywa usoni. Filamu nzima imejengwa kwa vitu vya kushikika, halafu katikati umewekwa uso usio wa mtu aliye hai. Ingetosha mwigizaji mwingine yeyote. Hakuna mtu Kigoma ambaye angekosa usingizi kwa sababu Rook hafanani na Ash.

La pili, Andy anapewa lile tusi ambalo Ripley alimtupia malkia mwaka 1986. Watu walipiga makofi kibandani. Mimi sikupiga. Ripley alilisema kwa sababu alikuwa anamkinga mtoto asichukuliwe na malkia, lilitoka tumboni. Andy analisema kwa sababu waandishi walilikumbuka. Ametoka kuwa ndugu ambaye hatujawahi kumwona mfano wake, akawa mtu anayenukuu.

La tatu ni Kay. Kama mwanamke niliyezaa, nilimngojea Kay afanye jambo. Anapigwa, anatekwa, anajidunga dawa ya maabara kwa kutaka kuokoa maisha, na mwisho anajifungua kitu ambacho sitakieleza chote. Kiumbe huyo ameigizwa na mtu halisi, Robert Bobroczkyi, Mromania aliyewahi kucheza mpira wa kikapu, mwenye urefu unaozidi mita 2.2, na anatisha kweli. Alipotabasamu, watoto mlangoni walikimbia. Lakini Kay mwenyewe hakupewa hata sentensi tano zake. Ripley angemwonea uchungu.

Kwa wanaotaka kuiona: ina dakika 119, si ya watoto, na mjamzito asiitazame. Kibandani chagua benchi la nyuma, spika ya mbele inavunja masauti na kwenye matukio ya ukimya inanguruma yenyewe. Tafsiri ni nzuri hadi pale mwishoni, ambapo mtafsiri naye alichanganyikiwa akaanza kusema "oya, oya" tu. Kwa hiyo kama Kiingereza unakisikia, hata cha kuunga, itafute ya lugha yake, sababu kuna maneno matatu ambayo kibandani yalipotea. Rain anapomtoa Andy kile kidude na kumrudishia chake, anampa amri mpya. Haisemi tena lililo jema kwake. Wala kwa kampuni. Anamwambia atende lililo jema kwa sisi.

Nilimwandikia kaka neno hilo, SISI, nyuma ya risiti ya vitambaa, maana sauti yangu haikuwa sawa. Akalisoma. Akaiangalia televisheni tena.

Mwishoni Rain anamlaza Andy, amevunjika, ndani ya chumba cha usingizi na kumwahidi kwamba atamtengeneza, naye anaingia chake bila kujua watafika wapi. Majina yakaanza kupanda. Nje palikuwa na giza la usiku usio na mwezi, na kutoka kibarazani kwa kaka taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimepangana ziwani kama mtaa.

"Ana vipuri vya kumtengenezea?" kaka akauliza.

Nikamwambia filamu haijasema.

"Vipuri vinatafutwa," akasema, akainuka kufunga mlango wa kuku.